Sauti za Usiku wa Hanover

Samuel Davies alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, mtunzi wa mashairi na mkuu wa chuo. Alizaliwa mwaka 1723 katika wilaya ya New Castle, Delaware, Marekani ilipokuwa bado makoloni ya Uingereza. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Elimu aliipata kwa Mchungaji Samuel Blair, katika shule ndogo ya Fagg's Manor, Pennsylvania.

Mwaka 1747 alipewa ruhusa ya kuhubiri Hanover, Virginia, koloni ambalo Kanisa la Uingereza ndilo lililotambuliwa na serikali. Huko aliwakuta watumwa wengi wa Kiafrika waliokuwa na hamu ya kusoma. Aliwafundisha, akawaombea vitabu kwa marafiki zake wa London: Biblia, vitabu vya kujifunzia kusoma, na zaburi na nyimbo za Isaac Watts. Nyimbo ndizo walizozipenda kupita vyote. Katika barua zake Davies asimulia kwamba baadhi yao walikuwa wakilala jikoni kwake, naye akizindukana saa nane au saa tisa za usiku, huzisikia sauti zao zikimiminika hadi chumbani. Yeye mwenyewe alikuwa mtunzi, na diwani yake ilichapishwa Williamsburg mwaka 1752. Uzuri wa sauti zile hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Hata hivyo, Davies alikuwa na watumwa wake. Aliwahimiza mabwana wawafundishe watumwa dini, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba mtumwa aliyefundishwa angetumika vizuri zaidi. Kwamba waachwe huru, hilo hakulidai. Aliwafungulia mlango wa herufi, wa minyororo akauacha umefungwa.

Mwaka 1753 alivuka bahari pamoja na Gilbert Tennent kwenda Uingereza na Uskoti kukichangishia fedha Chuo cha New Jersey, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton. Michango hiyo ilisaidia kujenga Nassau Hall, jengo lililofunguliwa mwaka 1756. Chuo kilikuwa kidogo, tena chenye misiba: Aaron Burr alifariki mwaka 1757, mrithi wake, Jonathan Edwards, akafa Machi 1758 kwa chanjo ya ndui, wiki chache tu baada ya kushika uongozi. Davies aliingia mwaka 1759, akaongeza masharti ya kuwapokea wanafunzi, na mwaka 1760 akachapisha orodha ya vitabu vya maktaba. Tarehe 4 Februari 1761 naye akafariki, mwenye umri wa miaka 37.

Apendaye kuyasoma mashairi yake na ayasome pamoja na zile barua za Hanover. Katika mashairi atamsikia mchungaji. Katika barua atawasikia wale waliolala jikoni, ambao kwao wimbo ulikuwa mali pekee isiyoweza kuuzwa na bwana.