Ukali wa Muthiga

Cucu alikuwa na kopo la Kimbo juu ya kabati, nyumbani Mutuini, na ndani ya kopo hilo hakukuwa na mafuta. Kulikuwa na magome. Ukikohoa usiku uliitwa kwa jina lako lote, ukapewa kipande kama ukucha wa kidole gumba: tafuna, usiteme. Sekunde tano hivi hakuna kitu. Halafu ulimi unashika moto, pua inafunguka, machozi yanatoka, na gizani unamsikia cucu akicheka. Ukimwuliza ni nini hicho, jibu lilikuwa neno moja. Muthiga.

Nilisahau hayo yote mpaka binamu yangu, ambaye anasoma shahada ya uzamili ya kemia hapa Nairobi, aliponitumia faili kwenye WhatsApp na swali: "Hii si ile dawa ya cucu?" Ilikuwa ripoti fupi ya kisayansi iliyochapishwa Uingereza mwaka wa 1976. Inazungumzia viwavijeshi, wale wadudu wanaofyeka shamba la mahindi kwa siku chache, na mti wa Afrika Mashariki ambao hawataki kuugusa. Mti ni Warburgia ugandensis. Kwa Kikuyu, muthiga. Ukitoka mjini kwa barabara ya Nakuru, ukishapita Kinoo, kuna stage ina jina lile lile, na kila siku makanga wanaliita bila kufikiria mti wowote.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi hata mtoto wa darasa la sita angelielewa. Unakata vipande vya jani, vingine unavipaka maji ya dawa iliyokamuliwa kutoka kwa gome, vingine unaviacha hivyo hivyo, unawaachia viwavi, unarudi baada ya muda kuona vipi vimeliwa. Vyenye muthiga vilibaki vizima. Kazi ngumu ilikuja baadaye: kuchuja, kutenganisha, kuchuja tena, mpaka ubaki na unga mweupe kidogo wa kitu kimoja tu, halafu uulize hicho kitu kimeundwaje. Walikiita warburganal. Ndugu yake mwingine aliitwa muzigadial, na ukilisoma jina hilo kwa sauti utasikia muziga ndani yake, mojawapo ya majina ya mti huu katika sehemu zetu.

Molekuli hizi zina makundi mawili ya aldehaidi yaliyokaa karibu karibu, kama mkono wenye vidole viwili. Maelezo ya wakemia ni kwamba vidole hivyo hunasa protini, zikiwemo zile ambazo kiumbe hutumia kuonja. Ndiyo maana kiwavi anakataa kula, na ndiyo maana mimi nililia. Kubo na wenzake walikuja kuonyesha kwamba molekuli za aina hii zenye ukali kwenye ulimi wa mtu ndizo zinazomzuia kiwavi. Yaani kipimo cha cucu kilikuwa sahihi: kama haichomi, haifanyi kazi.

Sasa angalia majina ya waandishi. Isao Kubo, Yue-Wei Lee, Michael Pettei, Frank Pilkiewicz, Koji Nakanishi. Watano. Nakanishi alikuwa profesa wa Columbia, New York, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne iliyopita. Kabla yao, mwaka wa 1969, Brooks na Draffan wa Glasgow walikuwa wameshachapisha kazi juu ya kemia ya miti hii hii. Mti wetu, viwavi wetu, na hakuna jina hata moja la mtu wa hapa. Nilipomwambia binamu hivyo, kwa hasira kidogo, alinijibu kitu ambacho kimenifanya niandike makala haya: "Wewe unadhani waliiba. Uliza kwanza, 1976 nani hapa angekuwa amesoma ya kutosha?"

Haya, tuulize.

Chuo cha kwanza cha eneo letu kufundisha sayansi kwa kiwango cha digrii kilikuwa Makerere, na kuanzia 1949 digrii hizo zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Nairobi ilikuwa na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi 1956, ikageuka Royal College 1961, halafu University College 1964 chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Nairobi chenye jina lake na digrii zake kilizaliwa 1970. Kwa hivyo ripoti ya muthiga ilipotoka, chuo kilikuwa na umri wa mtoto wa chekechea. Ukitaka kusoma zaidi ya digrii ya kwanza ulipanda ndege. Wapo waliobebwa na ndege za Mboya kwenda Marekani kuanzia 1959, wengine wakaenda Uingereza, wengine India, wengine Urusi.

Na kurudi hakukuwa rahisi. Wangari Maathai alirudi Januari 1966 na digrii ya uzamili ya biolojia kutoka Pittsburgh, mkononi barua ya kazi ya utafiti katika zoolojia. Alipofika aliambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Alipata kazi upande wa anatomia ya mifugo, akaenda Ujerumani kwa utafiti, na 1971 akapata shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Watu hukumbuka miti. Mimi hukumbuka ile barua.

Mtu aliyelitazama tatizo hili moja kwa moja alikuwa Thomas Odhiambo. Mzaliwa wa 1931, alisoma Makerere, akafanya kazi na serikali ya Uganda, akaenda Cambridge kuchunguza wadudu, akarudi Nairobi kufundisha. Mwaka wa 1967 aliandika katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake haikuwa kwamba tupewe misaada zaidi. Alitaka kituo kimoja cha hapa hapa, chenye kiwango cha juu kabisa, kinachochunguza kitu tulicho nacho kwa wingi kuliko wazungu: wadudu.

Aliyeipigia debe hoja hiyo upande wa pili wa bahari alikuwa Carl Djerassi, mkemia wa Stanford, na sababu yake naipenda. Djerassi alikuwa amefanya kazi Mexico City katika kampuni ya Syntex, iliyotengeneza homoni kutoka kwa kiazi cha mwituni kiitwacho barbasco. Huko, Oktoba 1951, ilipatikana molekuli iliyokuja kuingia kwenye vidonge vya kupanga uzazi. Mkono ulioshika chupa siku hiyo ulikuwa wa Luis Miramontes, kijana wa Mexico, ambaye alikuwa bado hajamaliza hata digrii yake ya kwanza. Jina lake liko kwenye hataza pamoja na la Djerassi na la Rosenkranz. Djerassi alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kemia ya hali ya juu inaweza kufanyika mahali ambapo wakubwa wa dunia hawakutarajia, mradi maabara iwe hapo na vijana wa hapo wawe ndani yake.

Kituo cha Odhiambo, ICIPE, kilianza 1970, na kilianzia Chiromo, ng'ambo kidogo tu ya Museum Hill. Mpango ulikuwa hivi: maprofesa wakubwa kutoka nje wawe wakurugenzi wa utafiti wanaokuja na kuondoka, na vijana waliomaliza uzamifu wakae Nairobi wafanye kazi. Nakanishi alikuwa mmoja wa wakurugenzi hao. Ndivyo gome la muthiga lilivyofika Columbia. Haikuwa usiku wala kwa kificho. Lilifika kupitia mlango uliofunguliwa makusudi ili siku moja watu wa hapa waingie nao.

Siku hiyo ilichelewa, lakini ilikuja. Mwaka wa 1983 ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika walianzisha mpango wa pamoja wa uzamifu wa sayansi ya wadudu, ARPPIS: unafanya utafiti kituoni, digrii unaipata kwa chuo chako. Mwaka uliofuata wakemia wa eneo hili waliunda NAPRECA, mtandao wa utafiti wa kemikali za mimea, na makao yake yamehama kutoka Addis Ababa hadi Dar es Salaam hadi Nairobi. Uppsala, kule Uswidi, walisaidia na vifaa na nafasi za masomo. Leo ukifungua majarida ya kemia ya mimea utakutana na akina Midiwo na Yenesew wa Chiromo, na orodha ndefu ya wanafunzi wao.

Lakini bado kuna mashine. Mkemia anayetaka kujua umbo la molekuli anahitaji mashine ya NMR, ambayo kiini chake ni sumaku kubwa inayopoozwa kwa heliamu ya majimaji. Bei yake si ya mchezo, na heliamu ikiisha hakuna duka la kukimbilia Luthuli Avenue. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Afrika Mashariki alikamua gome lake hapa, akakausha, akafunga miligramu zake chache kwenye kichupa na kuzituma Ulaya, halafu akaanza kungoja. Binamu yangu alingoja miezi minane. Barua pepe zilijibiwa, kisha zikajibiwa polepole, kisha zikanyamaza. Majibu yalipofika, yule aliyeendesha mashine alitaka jina lake liwe la kwanza kwenye makala. Sitataja chuo chake wala cha yule mtu. Alikubali, kwa sababu bila picha hizo hakuwa na tasnifu.

Kuna hadithi nyingine ambayo inafaa uijue kabla ya kununua jinzi Gikomba. Mwaka wa 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua sampuli za vijidudu katika Ziwa Bogoria, vijidudu vinavyostahimili magadi makali. Kutokana na kazi hiyo, kampuni ya Genencor ilipata vimeng'enya vinavyokula nyuzi za pamba kidogo kidogo, na kuipa jinzi mpya ile sura iliyochujuka bila kuisugua kwa mawe. Mwaka wa 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililalamika hadharani kwamba Kenya haikupata kitu. Upande wa pili ulisema ulifuata taratibu za wakati huo. Mwaka wa 2006 serikali ilitoa kanuni za kugawana faida za viumbe wetu, na 2014 Mkataba wa Nagoya ukaanza kutumika duniani.

Kanuni ni nzuri. Ila mtu ambaye angegundua kimeng'enya kile akiwa Nairobi alihitaji maabara, msimamizi mwenye muda, na karo. Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilisema anayefundisha chuo kikuu sharti awe na uzamifu, ikatoa miaka mitano hivi. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliongeza karo za masomo ya juu, wanafunzi wakaandamana. Unaambiwa panda, na ngazi inavutwa juu.

Nilimsindikiza binamu kutafuta gome la utafiti wake. Kwetu mti ule ulikwisha zamani. Uliondolewa gome pande zote mpaka ukakauka, kama ilivyotokea kwa ndugu yake Warburgia salutaris kule Zimbabwe, ambako karibu utoweke kabisa porini. Tulimpata mzee mmoja anayeuza dawa karibu na Dagoretti Market. Binamu alitaka kilo mbili. Mzee alimtazama kutoka juu hadi chini, akauliza nani mgonjwa kiasi hicho.

"Hakuna mgonjwa, guka. Ni ya shule."

"Shule gani inakula muthiga?"

Alimweleza, kwa Kikuyu chake cha kuungaunga, kuhusu kukamua na kuchuja na mashine ya Ulaya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapima gome, akaongeza kipande kimoja juu bila kudai.

"Mkishajua iko nini ndani, urudi uniambie."

Alimwahidi. Hiyo ilikuwa mwaka juzi, na tasnifu bado iko kwa watahini.