Ubao wa gitaa: kutoka kwa Torres mpaka sega la nyuki

Leo naomba tuweke siasa pembeni. Nina deni la zamani ambalo juzi nimepata nafasi ya kulilipa, na katika kulilipa nimejifunza historia ambayo nadhani wengine nanyi mtaipenda.

Marehemu baba yangu mdogo aliacha gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni na shingo pana. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Kwetu gitaa kavu lolote tunaliita galatoni, jina lililotokana na magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, yale yale ambayo hata John Lennon alianzia nalo akiwa kijana Liverpool miaka ya 1950. Galatoni linafungwa nyuzi za chuma. Basi nikajiambia: kwa nini na hili lisifungwe chuma, likapiga kelele kidogo? Nikafunga.

Baada ya wiki tatu ubao wa mbele ulikuwa umevimba nyuma ya daraja na kubonyea karibu na tundu. Usiku mmoja tukiwa tumelala tukasikia mlio kama bunduki. Daraja lilikuwa limeng'oka pamoja na kipande cha ubao. Mama mdogo hakunigombeza. Alilifunika kwa khanga akaliweka juu ya kabati, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Mwezi uliopita aliniita. Mwanawe wa mwisho anataka kujifunza gitaa, na fedha kidogo zipo. Akaniambia, "Wewe ndiye uliyelivunja lile, mwanangu, kwa hiyo wewe ndiye utakayechagua hili." Nikasema sawa, Mama. Lakini safari hii sikukimbilia dukani. Nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza ambalo ningelijua mapema nisingefanya ule ujinga. Uzi wa gitaa peke yake karibu hauna sauti. Uzi unatikisa daraja, daraja linatikisa ubao, na ubao ndio unaosukuma hewa mpaka masikioni mwetu. Ubao ukiwa mnene haucheki wala hauongei. Ukiwa mwembamba mno unavunjika, maana nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40 saa zote, na za chuma hufika kilo 70 na zaidi. Historia yote ya ubao wa gitaa ni ugomvi huo mmoja: wembamba dhidi ya nguvu.

Mtu anayetajwa kwanza ni Antonio de Torres, fundi seremala aliyezaliwa mwaka 1817 karibu na Almería, kusini mwa Hispania. Wengi husema ndiye aliyebuni mbavu za ndani zinazotandazwa chini ya ubao kama vidole vya mkono uliotanuliwa. Si kweli. Mafundi wa Cádiz, akina José Pagés, walikuwa wakizitumia tangu karne ya 18. Alichofanya Torres ni kuupanua mwili wa gitaa, kuupunguza ubao unene, kuupa mwinuko kidogo kama mgongo wa kijiko, halafu kuupangia mbavu, mara nyingi saba, ili zibebe mzigo bila kuuzuia kutetemeka.

Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake za pembeni ni karatasi ngumu tu, ila ubao wa mbele ni wa mti mzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inakaa mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Na huyu mtu ambaye magitaa mengi ya klasiki duniani yanafuata mfano wake, biashara ilimshinda hata akarudi Almería na kufungua duka la vyombo vya mezani. Alirudia ufundi baadaye, akafariki mwaka 1892.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake akazaliwa Andrés Segovia, aliyelitoa gitaa sebuleni na kulipeleka kwenye kumbi kubwa. Alipiga gitaa la mwaka 1912 kutoka karakana ya Manuel Ramírez mjini Madrid. Mwaka 1924 akiwa Munich alikutana na fundi wa Kijerumani, Hermann Hauser, aliyelichunguza gitaa lile na kuendelea kujaribu kwa miaka, mpaka mwaka 1937 Segovia akapata lililomridhisha. Yote mawili sasa yako Metropolitan Museum, New York. Ukitazama ndani ya Hauser unaona bado ni vidole vya Torres. Hata nyuzi za nailoni tunazoziona za kawaida zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya Albert Augustine wa New York. Kabla ya hapo nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo wa mnyama.

Kwa muda mrefu ubao mzuri ulikuwa wa sprusi, mti mweupe wa milima ya baridi ya Ulaya. Miaka ya 1960 José Ramírez III wa Madrid alianza kutumia mwerezi mwekundu kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Jina lisikuchanganye, huu si mwerezi wa Lebanoni unaousoma katika Biblia, ni mti wa ukoo mwingine. Una rangi ya kahawia, ni laini na mwepesi. Wapigaji husema mwerezi unakupa sauti yake nzito siku ile ile unapolinunua, wakati sprusi inahitaji miaka ya kupigwa ndipo ifunguke, lakini ina sauti safi na ya wazi.

Mapinduzi yalitoka Australia. Kuelekea mwaka 1980 fundi Greg Smallman aliviacha vidole vya Torres. Aliweka chini ya ubao wavu wa vijiti vya balsa, ule mti mwepesi kama boya, vikiwa vimeimarishwa kwa kaboni. Wavu ukibeba mzigo, ubao wenyewe unaweza kukwanguliwa mpaka ukawa mwembamba kuliko nusu ya ule wa kawaida, ambao ni kama milimita 2 na kidogo. Mgongo akaufanya mnene na mzito, ili nguvu yote ibaki mbele. John Williams, mzaliwa wa Melbourne aliyewahi kufundishwa na Segovia mwenyewe, alianza kupiga gitaa la Smallman mwanzoni mwa miaka ya 1980, na dunia ikageuka kusikiliza.

Wajerumani nao hawakulala. Matthias Dammann na Gernot Wagner walifuata njia nyingine: mbao mbili nyembamba, kila moja kama nusu milimita na ushee, na katikati yake tabaka la Nomex lenye vyumba kama sega la nyuki. Nomex ni kitu kilichobuniwa na kampuni ya DuPont, kinachotumika hata kwenye nguo za wazima moto. Matokeo ni ubao mgumu kama wa kawaida, lakini mwepesi zaidi.

Je, haya ya kisasa ni bora? Hapa ndipo watu wanapogombana. Wanaoyapenda wanasema yana sauti kubwa na uzi haunyamazi haraka. Wasioyapenda wanasema kelele imeongezeka, lakini rangi za sauti zimepungua, kwamba ukipiga karibu na daraja au karibu na tundu tofauti ni ndogo. Mimi si mpigaji wa kumhukumu mtu. Ninachokiona ni kwamba Smallman na Dammann walikuwa wakijibu swali la ukumbi wa watu elfu mbili. Swali letu ni sebule yenye friji linalounguruma. Tena ubao wa Torres ukipasuka, seremala mwangalifu mwenye gundi na subira anaweza kuurudisha. Kaboni na sega la nyuki, nani ataligusa hapa mtaani? Na bei yake, ndugu zanguni, ni ya gari.

Kwa hiyo tukabaki na magitaa mawili ya mitumba, yote ya nailoni. La kwanza lina ubao mweupe unaong'aa kama kioo. La pili lina ubao wa kahawia wenye mikwaruzo. Nilikwenda na rafiki yangu anayepigia kwaya, nikafanya nilichojifunza. Nilitazama ukingo wa tundu. Kwenye lile la kahawia mistari ya mti ilishuka moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, maana yake ni ubao mmoja halisi. Kwenye lile jeupe niliona tabaka tatu, yaani plaiwudi iliyovalishwa ngozi nzuri. Nililiinamisha nikatazama ubao kwa usawa wa jicho: uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni kawaida, kubonyea karibu na tundu ni ugonjwa naoujua. Nikajaribu kupenyeza karatasi chini ya daraja, haikuingia. Rafiki yangu akalinganisha sauti ya kila uzi ukiwa wazi na ukibanwa kwenye kituo cha 12, zikakubaliana.

Muuzaji alikuwa muungwana, akaturuhusu kuyapeleka yote mawili nyumbani kwa Mama mdogo jioni hiyo. Yeye alikuwa jikoni anakuna nazi. Rafiki yangu akapiga wimbo mmoja kwa moja, kisha ule ule kwa jingine, bila kusema lipi ni lipi. Sauti ya mbuzi ikanyamaza.

"Hilo la pili," alisema kutoka kule. "Hilo linafika mpaka huku."

Lilikuwa la mwerezi lenye mikwaruzo. Tukalipia, chenji ikabaki ya kununua seti mbili za nyuzi. Kabla sijaondoka nilimuomba mdogo wangu kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya mfuko wa gitaa: NAILONI TU. Akaniuliza kwa nini. Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza kuhusu jambo lile, akasema, "Muulize kaka yako akusimulie."

Nikamsimulia yote. Nisiwachoshe, kwa leo naishia hapa.