Mekanika ya kikokotozi

Tawi la uhandisi linalofundishwa vyuo vikuu, linalokadiria kwa kompyuta jinsi mata na tishu hai zinavyopinda, kunepa na kuvunjika. Nyenzo yake kuu ni mbinu ya elementi finyu, jina lililotolewa mwaka 1960 na Ray Clough wa Berkeley, Marekani: umbo hugawanywa vipande vidogo, nguvu za kila kimoja hukokotolewa, kisha vyote huunganishwa.

Boriti ya mkoko, mti unaomea ufukweni Majoreni, Kwale, ni mfano mzuri wa umbo la kukokotolewa hivyo. Nyuzi zake hufuata urefu, hivyo ugumu wake kwa urefu hutofautiana na ule wa kukingama. Urefu ukiwa maradufu, mzigo ule ule wa katikati huinepesha mara 8. Si ajabu vyumba vya majumba ya mawe ya Waswahili, ambavyo dari zake zilibebwa na boriti hizi, vilijengwa vyembamba.