Mawimbi ya Tory: mchoro, si figa

Tory ni kisiwa chembamba, urefu wake yapata kilomita 5, mkabala na pwani ya Donegal, kaskazini magharibi mwa Ireland. Kwa desturi kilikuwa na mfalme wake. Wa mwisho, Patsy Dan Rodgers, mchoraji na mpiga muziki, alifariki mwaka 2018. Dansi ya Mawimbi ya Tory imelipata jina hapo, nayo huchezwa hadi katika kumbi za Uskoti.

Wanaume hupanga mstari mmoja, wanawake mwingine, wakitazamana. Husogeleana na kurudi. Wanne wanne huunganisha mikono ya kulia na kuzunguka. Baadaye ndipo mawimbi yenyewe huja. Jozi ya kwanza huigeukia ya pili: moja huinua mikono iliyoshikana ikawa tao, nyingine huinama ikapita chini. Iliyopita juu sasa hupita chini ya inayofuata, kisha juu tena. Ifikapo mwisho wa mstari hugeuka na kurudi vivyo hivyo, hata safu nzima ikawa inapanda na kushuka.

Sehemu ya dansi yenye mpango wake namna hii tuiiteje? Wapo watakaotaka kulitohoa neno la Kiingereza wapate figa. Sikubali: figa tunalo jikoni, na matatu yake hubeba chungu. Hatua nayo ni ya mguu mmoja mmoja, haitoshi. Napendekeza mchoro. Huko Uskoti wachezaji wengi hubeba kijitabu cha F. L. Pilling, ambamo dansi huandikwa kwa mistari na alama ndogo; yaani tayari wanaisoma kama mchoro.

Aliyesoma fizikia atalalamika kuhusu jina la wimbi. Baharini umbo ndilo linalosafiri, maji yenyewe hubaki karibu palepale yakipanda na kushuka. Hapa watu wenyewe husafiri mstari mzima. Ana haki. Lakini aliyesimama pembeni haoni miguu, huona mikono ikiinuka na kuinama kwa zamu, na jina lilitungwa kwa jicho lake. Basi wimbi libaki katika jina la dansi, na mchoro wenyewe tuuite upishano wa juu na chini. Mwalimu naye atapata cha kuwaamrisha wanaosahau zamu yao: juu, chini, juu. Warefu wakunje magoti kidogo.