Kitwishi: Istilahi ya Kifaa Kilichoiunganisha Kompyuta na Televisheni

Moduleta ni istilahi inayotaja kisanduku kidogo cha bati, kilichofungwa pande zote, ambacho kilikuwa ndani ya kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ya 1980, na ambacho kazi yake ilikuwa kuiwezesha picha iliyotengenezwa na kompyuta kuingia katika televisheni kwa kupitia tundu la antena. Neno hilo limetoholewa, na kwa hiyo linakitaja kifaa pasipo kumwonyesha msomaji wa Kiswahili kile ambacho kifaa hufanya. Makala hii inaeleza utendaji wa kifaa hicho na kupendekeza kiitwe kitwishi, kwa kuwa kitenzi kutwika kinabeba dhana yote inayohitajika, na pia kinasaidia kueleza kwa nini picha ya kompyuta hizo za zamani huwa safi katika muunganisho mmoja na hafifu katika mwingine.

Haja ya kifaa hicho ilitokana na bei. Kompyuta ya ZX Spectrum, iliyozinduliwa nchini Uingereza tarehe 23 Aprili 1982, iliuzwa kwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na pauni 175 ile yenye kilobaiti 48, na bei hizo ziliwezekana kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, mnunuzi hakuuziwa skrini bali alitazamiwa kutumia televisheni ambayo tayari ilikuwa sebuleni. Televisheni za kawaida za wakati huo, hata hivyo, zilikuwa na mlango mmoja tu wa kupokelea picha, nao ni tundu la antena, na mlango huo haukutambua kitu chochote isipokuwa mawimbi ya redio yanayofanana na yale yanayorushwa na kituo cha utangazaji. Ili ipokewe, kompyuta ililazimika kuwa kituo kidogo cha televisheni, chenye mtazamaji mmoja na kebo fupi badala ya mnara.

Picha inayotoka katika saketi za kompyuta ya aina hiyo ni ishara ya umeme yenye nguvu ya takriban volti 1, inayopanda pale penye mwanga na kushuka pale penye giza, na ambayo katika mfumo wa PAL uliotumika Uingereza huichora skrini kwa kufuata mpangilio wa mistari 625, huku rangi ikiongezwa kwa wimbi dogo la megahezi 4.43. Kwa kuwa mwangaza, rangi na alama za kuongoza mistari vyote vimechanganywa katika waya mmoja, ishara hiyo inafaa kuitwa ishara changamano. Ishara changamano haiwezi kupita yenyewe katika tundu la antena, kwani tundu hilo huongoza kwenye kichagua-chaneli, ambacho husikiliza masafa ya juu zaidi. Kwa sababu hiyo kisanduku cha bati huzalisha wimbi la redio, ambalo katika ZX Spectrum lilikuwa kwenye chaneli 36, karibu na megahezi 591, kisha huongeza na kupunguza ukubwa wa wimbi hilo kulingana na mabadiliko ya ishara ya picha. Televisheni iliyofunguliwa kwenye chaneli hiyo hulipokea wimbi, huitoa ile ishara, na kuliacha wimbi lenyewe, ambalo sasa limemaliza kazi yake.

Mzizi wa neno moduleta ni wa Kilatini na unahusu kipimo na urekebishaji, na ndiyo maana wapo ambao wangependa kukiita kifaa hicho kirekebishi. Tafsiri hiyo inafuata historia ya neno la kigeni lakini inapotosha dhana, kwa sababu mtu anaposikia kurekebisha hufikiria kosa linalosahihishwa, ilhali katika kifaa hiki hakuna kosa lolote. Kitenzi kupakia kingekaribia zaidi, lakini tayari kimechukuliwa na lugha ya intaneti, ambako kupakia na kupakua ni kupeleka na kuteremsha mafaili. Kinachobaki, na ambacho kwa hakika ni bora kuliko vyote, ni kutwika, yaani kumwekea mtu mzigo kichwani ili aubebe. Kama kupika kunavyotoa mpishi na kuandika kunavyotoa mwandishi, ndivyo kutwika kunavyotoa kitwishi, bila kuivunja kanuni yoyote ya uundaji wa maneno. Wimbi linalotwikwa mzigo huo litaitwa wimbi chukuzi, kwa mfano wa mchukuzi anayebeba mizigo ya watu bandarini au sokoni, na kazi inayofanywa na televisheni upande wa pili itaitwa kutua, kitenzi ambacho msemaji wa Kiswahili hukitumia kila siku anapozungumzia kumtua mama ndoo kichwani. Istilahi tatu zinazotegemezana hivyo humfundisha msomaji utaratibu mzima kabla hajaona mchoro wowote.

Faida ya istilahi hizo huonekana zaidi pale ubora wa picha unapojadiliwa. Katika muunganisho wa antena, ishara hutwikwa ndani ya kompyuta na kutuliwa ndani ya televisheni, ingawa umbali kati yake ni urefu wa kebo tu, na kila safari ya kutwika na kutua hupoteza sehemu ya picha na kuongeza chengachenga. Isitoshe, mchukuzi ana kikomo cha mzigo, kwani chaneli ya televisheni ya Uingereza ilipitisha picha yenye masafa yasiyozidi megahezi 5.5 hivi. ZX Spectrum, ambayo hutoa pikseli milioni 7 kwa sekunde, huhitaji takriban megahezi 3.5, na hivyo mzigo wake hubebeka. BBC Micro ya mwaka 1981, kinyume chake, ilipoandika herufi 80 katika mstari mmoja ilitoa pikseli milioni 16 kwa sekunde, ambazo huhitaji megahezi 8, na hakuna chaneli ya wakati huo ambayo ingeweza kuzibeba bila herufi kufifia. Waundaji wake waliipa matundu matatu: la antena kwa ajili ya televisheni, la ishara changamano, na la rangi tatu zilizotenganishwa, yaani nyekundu, kijani na buluu, kwa ajili ya monita.

Kuwa kituo kidogo cha utangazaji kulikuwa pia na upande wa kisheria, maana kitwishi kinachovujisha mawimbi huharibu televisheni za majirani. Nchini Marekani kanuni za kuzuia uvujaji huo zilikuwa kali kiasi kwamba Apple II ya mwaka 1977 iliuzwa bila kitwishi, ikiwa na tundu la ishara changamano pekee, na mnunuzi aliyetaka kutumia televisheni alinunua kitwishi kwa mtengenezaji mwingine.

Leo anayetaka kuiwasha tena kompyuta ya aina hiyo hana budi kujiuliza kwanza iwapo safari ya kutwika ina ulazima wowote. Televisheni nyingi zilizofuata zilipata tundu la ishara changamano, na kwa ZX Spectrum wengi hukiruka kitwishi kwa kuielekeza ishara moja kwa moja kwenye tundu la kutokea. Commodore 64 hutoa mwangaza na rangi katika nyaya tofauti, na BBC Micro hutoa rangi tatu. Kanuni ni moja: kadiri ishara inavyochukuliwa kabla haijachanganywa wala kutwikwa, ndivyo picha inavyokuwa safi.

Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, maneno king'amuzi na kisimbuzi, yaliyotokana na kung'amua na kusimbua, yalikuwa yakitamkwa madukani na sebuleni bila mtu kuhitaji kufafanuliwa. Yalikubalika kwa kuwa yalisema kazi ya kifaa kwa vitenzi vilivyokuwamo tayari katika lugha. Kitwishi kimeundwa kwa njia hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo kinastahili kuingizwa katika kamusi za istilahi kando ya moduleta.