Udongo Ulipimwa, Watu Hawakuulizwa

Mara nyingi sisi walimu twaulizwa na wazazi: ya nini kuwafundisha vijana habari za Wayunani na Warumi, na mambo ya kale ya makabila yetu, ilhali nchi yataka waganga, mafundi na mabwana shamba? Swali hili si la kudharauliwa. Lakini sisi wa Kilakala tunayo milima ya Uluguru mbele ya macho yetu, na huko jibu lipo.

Neno “historia” asili yake ni la Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni kuuliza na kuchunguza. Herodotus, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alisafiri nchi nyingi akiwauliza watu jinsi wanavyooa, wanavyozika na wanavyoabudu, akaandika hata yale asiyoyasadiki.

Sasa tutazame Uluguru. Mnamo mwaka 1950 Serikali ya Mwingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo wa milima hiyo. Haja ilikuwa ya kweli: miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na mito. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi.

Walakini kwa Waluguru shamba si la alimaye tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, yaani lukolo, na ardhi hushikwa na ukoo chini ya mkubwa wake. Mgeni apewaye mahali pa kulima hutoa ngoto, kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Nalo tuta la ngazi ni kazi ya kudumu. Je, mgeni akilichimba katika ardhi ya ukoo mwingine, haki ya nani itazidi? Tena kazi yenyewe ilikuwa nzito mno, na mahali pengi ilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Hapo hata elimu ya udongo iliteleza.

Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Ndipo kuuliza kulipoanza. Roland Young, mwalimu wa elimu ya siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, mtaalamu wa Serikali wa mambo ya jamii, wakachunguza ardhi na utawala wa Waluguru, na kitabu chao kikatolewa London mwaka 1960. Mengi yaliyomo, bibi yeyote wa Kinole angaliweza kumweleza bwana shamba miaka 10 kabla, kama angaliulizwa.