Uchungu wa Boga Haujaisha

Zukini inayouzwa siku hizi katika masoko ya miji yetu ina jina la kigeni, lakini yenyewe ni boga tu. Ni boga linalochumwa likiwa changa, ganda lake laini kiasi cha kupenya ukucha. Jina ni la Kiitaliano, na maana yake ni "maboga madogo". Wakulima wa karibu na Milan ndio walioipa sura tunayoijua, na wahamiaji wa Kiitaliano wakaipeleka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20.

Nasema waliipeleka, kumbe walikuwa wakiirudisha kwao! Boga hili asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 1966, katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya maboga. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1997 vilionyesha kuwa baadhi ya mbegu zake zilikuwa na umri wa karibu miaka 10,000.

Lakini je, watu wale walikula nini katika boga? Yaelekea hawakula nyama yake. Boga la porini ni dogo, na ni chungu kama shubiri. Uchungu huo ni sumu ambayo mmea hujilinda nayo. Wanyama wakubwa wa kale, jamaa wa tembo, waliweza kulimeza na kusambaza mbegu zake, binadamu hakuweza. Yeye alizitaka mbegu, na pengine ganda la kufanyia chombo. Kisha, kizazi baada ya kizazi, akawa anatunza mbegu za mmea uliozaa tunda lisilo chungu. Wanyama wale walitoweka. Boga likabaki mikononi mwa mkulima.

Je, kazi hiyo imekwisha? La hasha. Mwezi Agosti 2015, huko Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini zilizotoka katika bustani ya jirani. Mkewe alikula kidogo, akapona. Zukini zile zilikuwa chungu.

Sababu ya mambo kama haya mara nyingi ni nyuki, naye hana kosa. Mmea wa zukini una maua ya kiume na ya kike. La kike utalitambua kwa kitunda kidogo nyuma yake. La kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba. Nyuki asipopita, kitunda hunyauka. Lakini nyuki huyo huyo akitoka kwenye boga chungu la mapambo, lililopandwa ng'ambo ya ua, huleta chavua ya uchungu. Tunda la msimu huu halitabadilika ladha. Mbegu zake ndizo zinazobeba siri, na ukizipanda msimu ujao, uchungu wa miaka elfu kumi unaweza kurudi mezani kwako.

Kwa hiyo, anayepanda zukini nyuma ya nyumba anunue mbegu kwa muuzaji anayeaminika, asikaushe za kwake kama ana maboga ya mapambo karibu. Achume zikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila baada ya siku mbili tatu, kwa kuwa moja ikiachwa ikomae, mmea hupunguza kuzaa. Na kabla ya kupika, akate kipande kidogo kibichi na kukigusisha ulimini. Yeyote aliyewahi kukutana na tango chungu anaijua ladha hiyo, kwani boga na tango ni ukoo mmoja na sumu yao ni ya aina moja. Akiisikia, ateme na kutupa tunda lote. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo, wala chumvi, wala nazi.